Kuvuka kaskazi na mboga za kudumu: shajara ya bustani ya uani, Kisauni

Hapa Mombasa hatuna baridi ya kuua mboga. Wakati wa kipupwe mchicha na mnavu hujiotea hata pembeni mwa karo. Msimu unaotufungia bustani ni kaskazi, tangu mvua za vuli zinapokatika mwezi wa Desemba hadi mvua za mwaka zinapoingia Aprili. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote, na joto la mchana hufika digrii 32 au 33. Miaka yote nimekuwa nikiyaacha matuta yakauke, narudi soko la Kongowea kununua mafungu. Safari hii nataka nichume uani angalau mara tatu kwa wiki kaskazi nzima, kwa mimea inayodumu, si ya kupanda upya kila baada ya wiki sita. Naandika na gharama zake, ili mwenye ua kama wangu ajue pa kufuata na pa kuepuka.

Ua uko Kisauni, upande wa hori ya Tudor. Ni kama mita 6 kwa 4. Maji ya mfereji hutujia mara mbili kwa wiki na huishia jikoni na kufulia. Siku nyingine tunateka kwenye kisima tunachokitumia nyumba nne.

4 Oktoba. Udongo na matuta

Matuta manne, kila moja mita 1 kwa 3. Chini ni mchanga mweupe uliochanganyika na vipande vya matumbawe. Ukichimba sentimita 40 sururu inagonga mwamba. Nimechanganya samadi ya ng'ombe iliyooza, gunia moja kwa kila tuta, la tano nimeliweka akiba. Samadi magunia 5 kwa shilingi 200: 1,000. Mkokoteni: 300.

19 Oktoba. Kupanda

Mvua ya vuli imenyesha siku mbili mfululizo. Nimepanda yote kwa siku moja, kwa sababu mimea hii inahitaji kushika mizizi kabla jua kali halijaja. Mwenye kungoja hadi Desemba amechelewa.

Tuta la kwanza: mbegu 6 za muhogo (vipande vya shina) kwa ajili ya kisamvu, na mbaazi ukingoni. La pili: marando ya viazi vitamu, kwa matembele. La tatu: spinachi na sukuma wiki. La nne, lililo kwenye kivuli cha ukuta: nderema, pamoja na safu moja ya maharagwe ambayo jirani alinipa nijaribu. Kwenye kona nimefukia mbegu 5 za mlonge. Mbegu za dukani: 350. Marando, mbegu za muhogo na za mlonge nimepewa bure.

8 Novemba. Kunguru

Wameng'oa miche 14 ya sukuma wiki kwa asubuhi mbili. Hawaili, wanaing'oa na kuiacha hapo hapo. Nimefunika tuta la tatu kwa kipande cha wavu wa zamani wa kuvulia, ukiwa umeinuliwa kwa fito ili usiguse miche. Tatizo limekwisha.

30 Novemba. Kosa la kwanza: majivu

Majani mapya ya sukuma wiki na maharagwe yamekuwa ya manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani. Majani ya zamani hayana neno. Nilidhani udongo una njaa, nikaongeza jivu la kuni kama tulivyozoea kuwaona wazee wakifanya shambani. Wiki moja baadaye manjano yamezidi.

Jivu ni dawa nzuri kwa udongo mchachu wa bara. Udongo wangu ni mchanga wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Nimejaribu kwa siki: nimechota kijiko cha udongo mkavu, nikadondoshea siki, ukatoa povu. Udongo wa kutoa povu una chokaa ya kutosha, na ukiuongezea jivu, madini ya chuma yaliyomo hujifunga na mizizi haiwezi kuyavuta. Ndiyo maana jani changa, ambalo haliwezi kukopa chuma kutoka kwa jani kuukuu, ndilo linalofifia kwanza. Isitoshe jivu lenyewe lina chumvichumvi, jambo ambalo sikulitilia maanani siku hiyo.

Nimeparura jivu la juu nikalitupa, nikaweka lile gunia la tano la samadi juu ya tuta la tatu na la nne. Siki ya kupimia ipo kila jiko. Laiti ningeitumia tarehe 4 Oktoba.

21 Desemba. Kaskazi imeshika

Mvua ya mwisho ilinyesha siku kumi zilizopita. Upepo unakuja mkavu tangu saa nne asubuhi. Rangi ya sukuma wiki imerudi, na leo nimeanza rasmi kuhesabu mavuno: matembele fungu moja, spinachi fungu moja.

Nimejenga kivuli cha makuti juu ya tuta la tatu na la nne, yakiinama upande wa magharibi ambako jua la alasiri ndilo kali. Makuti 20 kwa shilingi 25: 500. Fito nilikuwa nazo. Kuanzia leo namwagilia maji ya kisima kila jioni, debe moja kwa tuta.

6 Januari. Bustani inaungua

Kingo za majani zimekauka rangi ya kahawia, kuanzia nchani kwenda ndani. Maharagwe yamekufa yote. Matembele yamedumaa, majani yake ni madogo na magumu. Nderema inadondosha majani ya chini. Katika matuta hayo matatu, spinachi peke yake imesimama.

Nimesema ni jua. Nimeongeza kuti, na badala ya kumwagilia jioni tu, nanyunyiza kidogo asubuhi na jioni, na majani nayalowesha ili yapoe.

14 Januari. Si jua

Siku nane za kunyunyiza zimeongeza ubaya. Juzi mama mkwe alikuja kutoka Kwale. Aliyatazama matuta kimya, akainama, akakwangua udongo wa juu kwa kidole na kuulamba.

"Mwanangu, hapa pana munyu."

"Ni kiangazi, Mama. Jua limezidi."

"Jua hata kwetu lipo. Haya maji ya kisima mwayapikia wali?"

Nikamwambia la, hayapikiki, chai yake huwa haina ladha.

"Basi mmea nao una ulimi."

Nilipoangalia vizuri, juu ya udongo, hasa kingoni mwa matuta, kulikuwa na utandu mweupe. Nilikuwa nikiupita kila siku nikidhani ni vumbi la matumbawe.

Jioni hiyo niliagiza kipima chumvi cha maji, kile kidogo kama kalamu, shilingi 1,800. Kimefika leo. Maji ya mfereji yamesoma 520, ya kisima 3,100 (vipimo ni mikrosimensi kwa sentimita; namba ikipanda, chumvi imezidi). Mchanga wenyewe nimeupima kwa njia rahisi: kikombe kimoja cha udongo, vikombe viwili vya maji ya mvua niliyokuwa nimeweka, koroga, acha utulie, kisha pima maji ya juu. Tuta la nne limesoma 2,400, na hapo tayari chumvi imezimuliwa na vikombe viwili vya maji.

Yaliyotokea nayaeleza kwa urefu, maana nadhani ndiyo yanayoua bustani nyingi za pwani huku lawama ikienda kwa jua. Chini, ndani ya mwamba wetu, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Vuli ikiisha, tabaka hilo tamu hukonda, na kila ndoo inayotekwa huvuta ya chumvi juu. Kwa hiyo kisima kile kile kilichofaa Novemba hakifai Januari. Nami nikayamwaga kidogo kidogo. Maji kidogo hayashuki chini: jua huyanyonya yakiwa sentimita tano za juu, chumvi inabaki pale pale kwenye mizizi, na kesho naongeza nyingine. Kulowesha majani ndiyo kulimaliza, kwa kuwa jani nalo hunywa chumvi hiyo.

Mimea haistahimili chumvi sawasawa. Maharagwe huanza kuumia chumvi ya maji ya ndani ya udongo ikipita 1,000 hivi, viazi vitamu 1,500. Kunde na jamii ya bitiruti hufika 4,000 na zaidi kabla ya kupunguza mazao. Spinachi yetu hii ya Kenya ni ya jamii ya bitiruti, na mzazi wake ni mmea wa mwitu wa ufukweni. Ndiyo maana ilisimama.

17 Januari. Kuusuuza udongo

Nimeacha kunyunyiza. Nimenunua maji matamu ya mkokoteni, jerikani 6 za lita 20 kwa kila tuta, nikayamwaga kwa awamu tatu ndani ya saa mbili ili yashuke yakibeba chumvi. Hizo ni lita 40 kwa kila mita mraba. Mchanga wetu unapitisha maji haraka, na kwa kazi hii hilo ni neema. Jerikani 24 kwa shilingi 25: 600. Siku iliyofuata kipimo cha tuta la nne kimeshuka hadi 900.

Tahadhari kwa atakayefuata: pima kabla ya kulipa. Mkokoteni mmoja ulileta maji yaliyosoma 1,700. Yalikuwa ya kisima, yameuzwa kwa bei ya mfereji. Nimeyarudisha.

Ratiba mpya: jerikani 8 za maji matamu kwa wiki, zikichanganywa nusu kwa nusu na ya kisima. Sigawi kila siku. Wiki hii matuta mawili yanapata maji mengi ya kushuka chini na mawili mengine yanapata ya kuyashikiza tu, wiki ijayo yanabadilishana. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanaenda kwa nderema.

25 Januari. Kosa la pili la chumvi

Ili kupunguza kukauka, nilitaka kutandaza makumbi ya nazi juu ya udongo. Nikapata magunia mawili kwa 400 kutoka kwa wasokota kamba, yakiwa laini na yamekwisha kuchambuka. Nikayatandaza yote. Siku tatu baadaye matembele yakaanza tena kuungua kingo.

Makumbi ya kamba hufukiwa ufukweni miezi kadhaa ili maji ya bahari yayalainishe. Nilikuwa nimeileta bahari uani kwa gunia. Nilipoloweka konzi moja kwenye maji ya mfereji, kipima kilisoma zaidi ya 6,000. Nimeyaondoa yote. Nusu nimeyasuuza kwa maji matatu hadi yakasoma 800, ndiyo yaliyorudi kwenye matuta. Nusu nyingine ninayaacha nje yangoje mvua za mwaka. Ukitaka makumbi, tafuta makavu kutoka kwa wafuaji nazi, yale ambayo hayajaonja bahari. Mwani nao una hatari hiyo hiyo.

9 Februari. Mchunga

Tangu Oktoba nimekuwa nikiung'oa mmea mmoja wenye majani marefu yenye meno na utomvu mweupe. Kila nikiung'oa unarudi. Mama mkwe aliukuta umelundikwa kwenye pipa la taka akasikitika kweli: "Huu ndio mboga yenyewe. Wewe wang'oa chakula, wamwagilia matatizo." Ni mchunga, ule ambao Mijikenda hula tangu zamani. Una mizizi inayotambaa chini ya ardhi na kuchipua pengine, ndiyo maana palizi haikuumaliza, na kaskazi hii haikuugusa. Haujapata hata tone moja la maji yangu.

Ni mchungu. Yeye huuchemsha, humwaga maji ya kwanza, kisha huuchanganya na matembele au mchicha na tui zito la nazi. Nimeupa ukanda wake kando ya ukuta na nimeacha kuung'oa.

Jambo jingine nililojaribu ni mitungi ya udongo: nilinunua minne kwa 250 kila mmoja (1,000), nikaifukia shingo juu katika tuta la nne, maji yapenye taratibu hadi mizizini. Wiki ya kwanza niliijaza maji mchanganyiko. Shingo zikafanya ukoko mweupe na mitungi miwili ikaziba. Nimeilaza usiku mzima ndani ya maji matamu, nikaisugua kwa makumbi, ikafunguka. Sasa inapokea maji ya mfereji tu, mtungi mmoja siku mbili. Nderema imejibu vizuri: majani mapana na mazito, na inapanda makuti.

24 Februari. Kisamvu, Ramadhani na utitiri

Kisamvu kimeingia wakati wake, na mwezi huu wa mfungo nyumba inakila kila baada ya siku mbili kwa futari. Tunachuma majani ya juu yaliyo laini, tunayatwanga kinuni na kitunguu saumu, tunayachemsha vya kutosha, ndipo tui linaingia. Hatua ya kutwanga na kuchemsha isirukwe wala kufupishwa; majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi.

Mashina mawili ncha zake zimekonda zikabaki kama vijiti, majani machanga yana madoadoa ya manjano. Ni utitiri wa kijani, mdudu mdogo sana anayependa muhogo wakati wa ukavu. Sikutia dawa, kwa kuwa tunachuma majani yenyewe. Nimekata ncha zote zilizoathirika na kuzichoma, na chini ya majani yaliyobaki napiga maji kwa nguvu kila Jumamosi asubuhi. Ya mfereji, si ya kisima. Shina moja limepona, la pili linasuasua.

Kisima leo: 3,900.

15 Machi. Joto la juu kabisa

Sukuma wiki nimeing'oa. Imeishi, lakini majani yamekuwa kama ngozi na vidukari vimejaa chini yake. Hii ni mboga ya hewa baridi na nimeilazimisha. Itarudi Juni, wakati wa kipupwe, na hapo naamini itanishukuru kwa kuingojea.

Milonge mitatu kati ya mitano imepita mita 2. Nimeikata yote kwenye mita 1 ili itoe matawi mengi mahali pa kufikia mkono. Niliogopa kufanya hivyo wakati wa joto hili, lakini baada ya siku tisa kila shina lina machipukizi manne au zaidi. Majani tunayaongeza kwenye mchuzi wa samaki dakika chache kabla ya kuepua.

11 Aprili. Mvua na hesabu

Imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nimefunga mfereji wa bati ukingoni mwa paa (900) na pipa kuukuu la lita 200 (1,500). Paa letu la nyuma ni kama mita mraba 40, na kila milimita ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja, kwa hiyo milimita tano tu zinalijaza pipa. Lilijaa nikiwa bado kitandani, yaliyozidi nikayasikia yakimwagika. Maji hayo yamesoma 40. Tuta la nne, kwa kipimo kile kile cha vikombe: 500.

Tangu tarehe 21 Desemba ni wiki 16. Nilikusudia kuchuma mara 48, nimechuma mara 41. Pengo karibu lote ni la Januari. Waliovuka bila kuyumba ni mchunga, spinachi, mlonge na, ukiacha yale mashina mawili ya utitiri, kisamvu. Matembele na nderema wamevuka kwa maji matamu. Mbaazi zimesimama, bado hazijatoa maua.

Gharama: samadi, usafiri na mbegu 1,650, makuti 500, kipima chumvi 1,800, maji ya kununua 3,000 (600 ya kusuuza, na 200 kwa wiki kwa wiki 12), makumbi 400, mitungi 1,000, pipa na mfereji wa paa 2,400. Jumla 10,750. Kila uchumaji ungenigharimu kama shilingi 50 sokoni, yaani 2,050 kwa yote. Maji peke yake yamezidi thamani ya mboga. Kwa hiyo msimu ujao matembele yatapunguzwa hadi nusu tuta, nafasi yake ichukuliwe na kunde na spinachi zaidi, na kabla ya Oktoba natafuta mapipa mengine matatu.

Jirani aliyenipa maharagwe ameona kisamvu juu ya ukuta, ameomba mbegu sita za muhogo na kipande cha mchunga chenye mzizi. Nimempa, na kipima chumvi nimemwazima hadi Ijumaa.